Shemasi Aliyemwandikia Barua Mchezaji Aliyeuzwa

Walisema hataelewa. Vijana wa Newburg, mtaa wetu wa Louisville kule Marekani, wale wale walioshindwa kumaliza hata kozi ya miezi sita, walisema shemasi wetu, hata akiishi Louisville mpaka meno yaote upya, hataelewa mpira wa Wamarekani. Halafu wakanigeukia mimi: na wewe, mtoto wa kambi ya wakimbizi, huo ufundi wa majokofu hutaumaliza. Leo diploma yangu imetundikwa juu ya meza ninayoandikia, hapa Bujumbura nilikohamia baadaye, ndani ya karakana yenye jina langu mlangoni, na hakuna bucha kubwa mjini ambalo chumba chake cha baridi sijakitengeneza kwa mikono yangu. Shemasi naye aliuelewa mpira ule kuliko wote waliomcheka. Mimi nasema wazi niliyoyaweza. Yeye hakuwahi kujisifu hata mara moja, na hilo lilikuwa likinikasirisha.

Hasira hiyo sijaimaliza. Msomaji ajue hivyo tangu sasa.

Louisville haina timu ya kulipwa ya mpira ule. Kila nyumba hujichagulia. Kuna waliochukua Indianapolis kwa sababu ni karibu, kuna waliochukua Cincinnati kwa sababu ni karibu zaidi, na sisi wenye ndugu Buffalo tulichukua Buffalo, kwa sababu ukishangilia timu ya ndugu yako una la kuzungumza naye wiki nzima. Ibada ya Kiswahili ilikwisha saa saba, na mechi zilianza saa saba. Kwa hiyo wanaume walitoka kanisani mbio, wangali na tai, wakaja kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na televisheni kubwa kuliko zote kwenye yale majengo. Niliinunua kwa zamu za ziada kwenye ghala tulikofanya kazi. Hakuna aliyenichangia.

Shemasi alikuja Jumapili moja bila kualikwa, mtu mfupi, koti la kahawia, Biblia chini ya kwapa. Makochi yalikuwa yamejaa. Nikampa kiti changu cha kukunja, cha kijani, kile cha kwendea pikiniki. Akakaa nyuma kabisa, karibu na jokofu, akatazama nusu saa. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chake cha Kivu, "Bon. Sasa hawa banapigania nini?"

"Yadi kumi, Shemasi," nikamwambia. "Wanapewa majaribio manne. Wakisogea yadi kumi, wanaendelea. Wakishindwa, wanawaachia wengine."

"Na ile munyororo?"

Pembeni mwa uwanja walikuwa wamesimama wazee wawili wenye fito zilizounganishwa kwa mnyororo. Wao ndio hupima kama yadi kumi zimefika.

"Wanapima."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Donc, hii si mupira. Hii iko mambo ya mipaka ya mashamba." Vijana wakacheka mpaka mmoja akamwaga soda. Yeye hakucheka. Kwao, huko alikotoka, alikuwa ameona watu wakikatana mapanga kwa ajili ya hatua tatu za muhogo, na hapa alikuta watu wazima waliokubaliana kupima kwanza. Tangu siku ile hakutazama mrushaji wala mkimbiaji kama sisi. Alitazama mnyororo. Mnyororo ulipoletwa katikati ya uwanja, alisimama.

"Bale bazee njo batu ba kweli," alikuwa akisema. "Weye ulisha ona moja yao ameikala?"

Kweli, sikuwahi kumwona hata mmoja amekaa.

Mechi ilipokwisha alikunja kiti changu, akakiweka kwapani pamoja na Biblia, akaondoka nacho. Jumapili iliyofuata alirudi nacho. Na iliyofuata. Kiti kile kilikuwa changu, kila mtu alijua, naye alikibeba miaka saba nyumba hadi nyumba bila kunirudishia, mtu huyo huyo aliyewafundisha watoto wetu amri ya nane, Usiibe. Nikimkumbusha, alisema, "Nitakirudisha, mwanangu. Bado sijakimaliza."

Alikuwa na daftari la shule lenye mistari. Sisi tuliandika pasi na magoli, yeye aliandika tabia. Mchezaji gani humpa mkono aliyemwangusha. Nani hurusha kofia akikosea. Nani hukaa peke yake kwenye benchi na nani humfuata. Silasi, rafiki yangu wa tangu kambini, aliyekuwa anaishi Buffalo upande wa Riverside, hakuweza kulivumilia daftari lile. Tulikuwa na kundi la simu la miji mitatu, Louisville, Columbus na Buffalo, na katikati ya msimu kundi lile liliwaka kama jiko. Ujumbe wa sauti ulianza asubuhi, watu wakiwa kwenye mapumziko ya kazi, mashine zinanguruma nyuma yao.

"Shemasi, nisikilize," Silasi alisema. "Dereva wetu ametupa mipira mitatu kwa adui ndani ya mechi mbili. Mitatu! Daftari lako linasemaje?" Dereva ndilo jina tulilompa mrushaji, kwa sababu wengine wote ni abiria wake.

"Daftari inasema alienda kuomba musamaha kwa bale balinzi bake, mumoja mumoja."

"Msamaha haufungi goli!"

"Goli la nani, Silasi? Weye ulifunga goli gani wiki hii?"

Na mama mmoja wa Columbus, aliyewahi kuimba sauti ya tatu kwenye kwaya yetu, mwenye kazi ya kutunza wazee, akaingilia kwa sauti ya chini ili wagonjwa wake wasiamke: "Silasi, kaka, wewe hata gari lako limekushinda kulitoa kwenye theluji, umwache dereva wa watu."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Asiyekuwa na hasira kuhusu kuta za ghala, msimamizi mwenye umri wa mtoto wake, au mwana anayejibu kwa Kiingereza akiulizwa kwa Kiswahili, alikuwa na hasira kuhusu timu. Mpira ulitupa mahali pa kupeleka hasira bila kumpiga mtu.

Lakini Shemasi hakukasirikia mchezo. Alikasirikia jambo moja tu, na hapo ndipo kisa changu naye kilipo.

Alikasirikia kuhama.

Kwetu, kwenye makanisa tuliyotoka nayo kambini, mtu hahami hivi hivi. Ukitoka kanisa moja kwenda jingine unabeba barua. Shemasi anaiandika kwa mkono, anaipiga muhuri, unaikabidhi unakofika. Barua ina neno moja lisilokosekana: hakufukuzwa. Bila neno hilo wewe ni mgeni. Utakaa nyuma, hutashiriki meza ya Bwana, hutapewa kinanda, na ukitaka kuoa hakuna atakayekufungisha. Huko nje Marekani inaweza kukupa cheti cha ndoa kwa dakika kumi. Baba mkwe wa Kirundi aliyekulia kambini hatakitazama.

Mwenye kalamu na muhuri Newburg alikuwa Shemasi.

Nilipomwambia kwamba nahamia Columbus, kwamba chuo kimenikubali kwa diploma ya viyoyozi na majokofu, mimi, wa kwanza katika majengo yale, ilikuwa mwezi wa kumi. Kwaya ilikuwa inajiandaa kwa Krismasi na mimi ndiye niliyepiga kinanda. Tulikuwa kwenye chumba kidogo nyuma ya madhabahu. Alikuwa anapanga vikombe vya meza ya Bwana.

"Unaondoka katikati ya musimu," akasema.

"Shule haisubiri kwaya, Shemasi. Naomba barua yangu."

"Rudi Januari. Nitaandika."

"Januari masomo yameshaanza. Na nimempata mchumba huko, wewe unajua. Evelina. Baba yake ataiulizia barua kabla ya kuniuliza jina."

Aliendelea kupanga vikombe. Nikamwambia maneno ambayo bado nayasimamia: kwamba yeye ni mlinda mlango aliyejidhania mwenye nyumba. Akageuka, hakupandisha sauti. "Basi utaomba musamaha mbele ya kanisa, halafu nitaandika."

Sikuomba. Kwa nini niombe? Niliondoka na sanduku, vitabu na kinanda changu, bila barua.

Nikitaka kuwa mwadilifu niseme na haya. Mtu huyu alinifundisha kuendesha gari kwenye uwanja mtupu wa maegesho, gari lake mwenyewe, na nilipokwangua mlango wake alisema mlango ulikuwa unahitaji alama ya kuutambua. Nilipougua homa ya mapafu alikuja siku kumi na moja mfululizo na sufuria ya uji wa mtama iliyofungwa kwenye taulo. Alijua majina ya wafanyakazi wote wa zamu yetu ghalani, Wamarekani kwa wageni, na mabinti zao waliokuwa wanafanya mitihani. Alikuwa anaweza kumsamehe mchezaji kosa lolote. Mimi sikusamehewa kuhama.

Columbus nilikaa mtaa wa Northland, kwenye barabara ile ya Morse yenye maduka ya unga na samaki wa kukaushwa. Nilisoma mchana, nikafanya kazi jioni, sikushindwa somo hata moja. Jumapili nilikaa benchi la mwisho. Mchungaji wa pale alikuwa mtu mpole. "Nitampigia," aliniambia. Akampigia. Shemasi akamjibu kwamba barua haiandikwi kwa simu. Baba yake Evelina alinipokea vizuri, akanipa chai, akauliza habari za diploma, kisha akasema, "Mwanangu, mimi sina neno nawe. Nina neno na karatasi."

Nilihitimu. Buffalo wakanipa kazi ya kutunza vyumba vya baridi kwenye kiwanda cha nyama, nikahamia Riverside, nyumba ya pili kutoka kwa Silasi. Evelina akabaki kwao. Na Silasi, ndipo nilipogundua, naye alikuwa anakaa benchi la mwisho kanisani. Miaka minne. Naye aliondoka Newburg bila barua, kwa sababu ile ile. Yule mama wa sauti ya tatu kule Columbus vilevile. Watu watatu, na wote tulikuwa kwenye kundi moja la simu tukimwita Shemasi.

Vuli ile Evelina alinipigia akiwa kwenye basi. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Nani anaolewa hapa, mimi au barua?"

"Nipe muda."

"Nimekupa mwaka na nusu. Nyinyi mna msimu wenu, na mimi nina wangu. Mpira huu ukiisha bila barua, nami nimekwisha. Shangazi yangu yuko Kanada, ananiita."

Wiki ile ile timu ya Buffalo ilimuuza mlinzi wake wa nyuma. Sitaji jina lake. Tulimwita Mchunga Mlango, kwa sababu hakuna mpira uliopita juu yake. Jumanne asubuhi alikuwa mazoezini, Jumanne mchana alikuwa ndani ya ndege kwenda timu moja ya magharibi, na sisi tukapewa nini? Haki ya kuchagua kijana wa chuo mwaka ujao, tena kwenye raundi za mwisho ambako hakuna anayechaguliwa ila kwa huruma.

Kundi likalipuka. Silasi alituma ujumbe wa sauti wa dakika sita, nusu yake matusi ya Kirundi. "Wamemtoa mtu mzima kwa mtu ambaye bado yuko darasani! Huyo kijana hata hatumjui! Labda hajazaliwa!" Mwingine wa Louisville akamcheka: "Ndiyo biashara, Silasi. Mshahara wake ulikuwa mkubwa, goti lake bovu." "Goti lako ndilo bovu!" Mama wa Columbus akasema angalau Mchunga Mlango amepelekwa kwenye joto, watoto wake hawatavaa soksi tatu.

Halafu Shemasi akaingia. Sikuwahi kumsikia hivyo.

"Munisikilize. Hakuna mutu alimupatia mukono. Hakuna alisimama mbele ya batu akasema, huyu anatoka kwetu, hakufukuzwa. Asubuhi balimuambia chukua viatu. Vile njo bilitufikia sisi. Lori ilikuja, balisema panda. Mimi siwezi kunyamaza."

Na hakunyamaza. Baada ya siku mbili aliweka kwenye kundi picha ya barua. Ilikuwa kwa mkono wake, muhuri wa kanisa chini. Ilikuwa imeelekezwa kwa wakubwa wa ile timu ya magharibi: *Kijana huyu anatoka Buffalo. Hakufukuzwa. Anapomwangusha mtu, humpa mkono amwinue. Mama yake huja uwanjani kila mara, mtafutieni kiti kizuri. Mpokeeni.* Alikuwa ameitia kwenye bahasha na kuipeleka posta.

Watu walicheka mpaka simu zikaisha chaji. Mmoja aliuliza kama amemwombea pia nafasi ya kupiga kinanda. Mwingine aliuliza kama kuna barua pia ya lile goti.

Mimi sikucheka. Nilikuwa kiwandani, nimevaa koti la baridi, ndani ya chumba chenye mapande ya nyama karibu elfu yanayoning'inia, na nilihisi joto. Nikatoka nje, nikabonyeza, nikasema kila kitu mbele ya watu wote: "Umemwandikia mtu asiyejua kwamba upo duniani. Anajua kusoma Kiswahili? Mimi nimeipigia kwaya yako kinanda miaka saba. Kiti unachokalia ni changu. Mchumba wangu anaondoka kwa sababu ya karatasi yako, na muhuri wako umeupigia mtu wa televisheni. Silasi hajashiriki meza ya Bwana miaka minne. Wewe si shemasi. Wewe ndiye lile lori."

Jioni ikatokea mistari midogo ya kijivu: Shemasi ameondoka kwenye kundi.

Silasi aliniambia nimezidisha. Nikamwambia akae na meza yake asiyoishiriki.

Wiki zikapita. Msimu ukabakisha mechi mbili. Jumapili ile theluji ilikuwa imefika kwenye madirisha ya chini, mto Niagara umepauka, na nyumbani kwangu Riverside tulikuwa wawili tu, mimi na Silasi, sambusa kwenye sahani, mechi imeingia robo ya tatu. Mlango ukagongwa.

Alikuwa amevaa koti lile lile la kahawia, na juu yake blanketi. Alikuwa amesafiri kwa basi kutoka Louisville. Mkono mmoja Biblia, mkono mwingine kiti cha kijani.

Sikumkaribisha. Silasi ndiye aliyemvuta ndani, akamkung'uta theluji kama anavyokung'utwa mtoto. Shemasi hakuketi. Alifungua Biblia, akatoa bahasha.

"Silasi, hii iko yako." Silasi aliifungua, akasoma mstari wa pili, akaingia chooni na hakutoka kwa muda mrefu. Tulimsikia akifungua bomba la maji.

"Nilipita Columbus kwanza," Shemasi akaniambia. "Mama wa kwaya nilimupatia yake. Yako nilisoma mbele ya kanisa, halafu nikaenda kwa baba ya Evelina, nikamusomea tena. Hii iko nakala."

Nikaipokea. Nikaisoma hapo hapo mlangoni.

*Ndugu huyu anatoka kwetu. Hakufukuzwa. Ana kiburi na anapenda kusikika. Alipiga kinanda miaka saba, hakuchelewa hata Jumapili moja. Tulipopunguziwa kazi ghalani aligawa zamu zake na watu wawili na hakumwambia mtu. Barua hii imechelewa kwa kosa la aliyeiandika, si la anayeibeba. Mpokeeni, na mchumba aliye naye mwozesheni.*

"Kiburi?" nikasema.

"Nifute?"

"Ulinyima watu watatu, Shemasi. Kwa nini?"

Alitazama televisheni, si mimi. "Nilifikiri nikikosa kuandika, hamutaenda. Kambini batu bangu bote balienda. Nilibakia na muhuri." "Ule kijana wa mupira, barua yake ilikuwa rahisi. Simujui. Yako nilianza mara nyingi, nikafika kwa hakufukuzwa, nikashindwa."

"Na mimi nimekosa mwaka na nusu."

"Ndiyo. Sina namna ya kukurudishia huo."

Nilitaka aseme jambo jingine, ili nigombane nalo. Hakusema. Simu yangu ilikuwa inalia mfukoni, jina la Evelina likiwaka, na nilijua kabla ya kupokea kwamba baba yake ameshapanga tarehe. Evelina huyo huyo ndiye anayeniita sasa hivi niache kuandika nije kula. Lakini siku ile sikupokea kwanza. Nilikuwa namtazama yule mzee akikifuta kiti changu maji ya theluji kwa ncha ya blanketi lake, kila bomba, kila kiungo, kisha akakikunja na kukiegemeza ukutani, upande wangu wa chumba.

"Hii pia," akasema. "Sasa sina kitu ya mutu."

Silasi akatoka chooni, uso umeoshwa. Robo ya nne ikaanza. Buffalo walikuwa kwenye jaribio la nne, wakasukumana, wakaanguka lundo, na mwamuzi akaita mnyororo uletwe katikati.

"Kaa, Shemasi," nikamwambia. Sauti yangu ilikuwa bado na hasira, sikuificha. Nilikikunjua kiti, nikakisukuma mbele yake. "Kaa. Umetembea miji mitatu."

"Kiti iko yako," akasema, na robo yote ile ya mwisho aliitazama akiwa wima.